Mtumbwi Uani kwa Mama Mkwe

Wanaume walioleta mtumbwi wa mume wangu nyumbani waliubeba mabegani kutoka mwaloni, pale vyombo vinapoegeshwa ziwani, wakapumzika mara kadhaa njiani, na walipoufikisha uani wakauliza swali ambalo kwao lilikuwa la kawaida kabisa. Tuupindue? Mtumbwi ukikaa nchi kavu hupinduliwa, tumbo juu, mvua iteremke yenyewe. Kila mtu wa Ujiji anajua hilo. Hata mimi niliyezaliwa Simbo, katikati ya mihogo na michikichi, nilikuwa nimeshalijua.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Akasema, "Hapana. Uwekeni kama unavyokaa majini."

Mmoja wao, mtu wa makamo aliyezoea kuvua karibu na mume wangu, akajaribu kumwelewesha. "Mama, mvua ndizo zimeanza. Utajaa."

"Nimesema hapana, baba. Mtumbwi uliopinduka ni wa mtu aliyekufa maji. Mimi mwanangu sijamwona amekufa."

Wakatafuta mawe na vipande vya magogo, wakaukalisha mtumbwi ukiwa wazi kuelekea mbinguni, katikati ya jiko na ukuta wa jirani. Walipomaliza walinawa miguu kwenye ndoo, wakaniambia pole, wakaondoka bila kunywa uji niliokuwa nimewapikia.

Mume wangu alikuwa akivua mgebuka kwa mshipi, peke yake. Wenzake wengi walikuwa wamejiunga na vyombo vikubwa vya dagaa vyenye taa, lakini yeye alisema hapendi kelele za watu wengi kwenye maji. Alitoka baada ya sala ya alfajiri na kurudi kabla jua halijakaa utosini. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshafika Mwanga, kwenye kibaraza ninaposhonea, kwa hiyo samaki wake alikuwa akimkabidhi mama yake. Nilirudi jioni nikakuta mchuzi tayari. Hatukuwa tumejaliwa mtoto. Maisha yetu yalikuwa ya watu watatu, na kwa kweli hayakuwa na kero.

Asubuhi ya siku aliyopotea, mbingu ilikuwa nyeupe. Nakumbuka nilimwambia avae sweta naye akaniambia sweta likilowa linavuta mtu chini, na tukacheka. Mvua ilitokea upande wa Kongo kabla ya adhuhuri, ikaja na upepo uliong'oa mabati kwenye soko la Mwanga. Sote tulijibanza ndani ya maduka. Sikuwa na hofu. Nilijua kwamba saa ile yuko nyumbani, amekwisha kula, labda amelala.

Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa kwenye kizingiti na mtandio wake umelowa. Alikuwa amekwenda mwaloni na kurudi, amekwenda tena na kurudi.

Walimtafuta. Watu wa ziwa hawamwachi mwenzao. Walikwenda kusini na kaskazini, wakauliza kila kijiji. Mtumbwi ulionekana baada ya siku kadhaa, mbali kusini, unaelea umejaa maji hadi kwenye mbao za kukalia. Ndani mlikuwa na kasia moja na kandambili zake, zimebanwa chini ya ubao pale alipozoea kuzichomeka. Yeye hakuonekana siku hiyo wala siku nyingine.

Nilitaka kulia kama wanavyolia wafiwa, lakini sikuwa mfiwa. Hakukuwa na maiti, hakukuwa na matanga. Majirani walikuja, wakakaa kwenye mkeka, wakawa hawajui waseme nini. Mmoja akianza kusema "Mungu amrehemu," mama mkwe alimkatiza. "Mungu amrudishe," alisema. Nao waliitikia amina, wakiangalia chini.

Kwa kawaida mtumbwi ungebaki mwaloni. Lakini miaka hiyo ziwa lilikuwa limepanda. Lilikuwa limemeza mchanga wote tuliozoea kuanikia dagaa, likaingia kwenye nyumba za watu, miti ikawa imesimama ndani ya maji imekauka. Mahali pa kuegesha vyombo palikuwa padogo na watu walikuwa wakigombania. Ndiyo sababu mama mkwe akasema uletwe nyumbani. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa.

Mvua zikaanza kwa nguvu. Kila zilipokatika, mama mkwe alichukua bakuli la plastiki, akaingia mtumbwini, akachota maji na kuyamwaga nje. Alikuwa mwembamba na magoti yake yalimsumbua, lakini hakutaka nimsaidie. Maji yakibaki machache chini, pale bakuli lisipofika, aliyakausha kwa kitambaa, akakamua, akarudia. Mvua nyingine ilikuja kabla hajapumzika. Nilipokuwa nyumbani nilisimama dirishani nikimwangalia. Nilipokuwa Mwanga nikisikia mvua inapiga mabati nilijua yuko wapi.

Siku moja nilimkuta ameteleza, amekaa ndani ya mtumbwi kwenye maji, hawezi kunyanyuka. Hakuniita. Sijui alikuwa amekaa pale kwa muda gani. Nilimwinua kwa kumshika kwapani, nikampeleka ndani, nikambadilisha nguo.

"Mama," nilimwambia, "mimi ni fundi cherehani. Nitaushonea mtumbwi nguo."

"Unaweza?"

"Naweza."

Hilo lilikuwa neno la kwanza tangu msiba, au tangu kile ambacho hatukuwa tunakiita msiba, lililompa uso wake wa zamani.

Nilinunua maturubai mawili Mwanga, yale ya plastiki nzito. Nilidhani cherehani itanitosha, lakini sindano zilivunjika. Nikaunganisha kwa mkono, kwa sindano ya kushonea magunia na uzi wa nyavu. Vidole vilinichubuka. Mama mkwe alishika upande wa pili, akinyoosha, na jioni ile tuliongea mambo ya kawaida, bei ya mawese, harusi ya mtu, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya kwa muda mrefu. Tukalitandika juu ya mtumbwi, tukalivuta pande zote kwa kamba, likakaza kama ngozi ya ngoma. Alilipiga kwa kiganja. Akasema, "Sasa."

Mvua ya kwanza ilinifundisha. Maji hayakuwa na mahali pa kwenda. Yalikusanyika katikati, turubai likaanza kubonyea, likashuka polepole kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Mama mkwe aliniita. Nilichukua mti nikaingiza chini ya turubai, nikasukuma kwenda juu ili maji yamwagike pembeni. Mshono wangu ukapasuka katikati, na maji yote, ya mvua nzima, yakaangukia ndani ya mtumbwi kwa mara moja.

Tulisimama sote wawili, tumelowa. Yeye akaenda kuchukua bakuli lake.

Kwenye kibaraza ninaposhonea, jirani yangu alikuwa mama mmoja kutoka Burundi aliyekuwa akiuza maharage. Alikuwa ameishi kwenye kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuolewa na mtu wa Mwanga. Alikuwa ananizidi umri kidogo nami nilimwita dada. Aliniona nashona tena turubai, vidole vimefungwa vitambaa, akaniuliza ni la nini. Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, huku akichambua maharage.

"Dada," alisema, "mimi nimekaa chini ya turubai ujana wangu wote. Turubai halilazwi kama shuka. Linataka mgongo. Lisipokuwa na mgongo maji yanakaa, na maji yakikaa yanashinda."

Siku ya Ijumaa alifunga biashara yake mapema akaja nami hadi Ujiji. Alipoingia uani alimwinamia mama mkwe, akampa mikono miwili. "Shikamoo, Mama. Mwihangane." Ni neno la kwao, na sisi tunaosema Kiha tunalielewa: vumilieni. Ni la kumwambia mtu aliyefiwa. Nilishtuka. Lakini mama mkwe alijibu, "Marahaba, mwanangu," na hakumkemea.

Tulitafuta nguzo mbili zenye panda, tukasimamisha moja kichwani mwa mtumbwi na nyingine nyuma. Juu yake tukalaza mti mrefu ulionyooka. Turubai likapandishwa juu ya mti huo, likateremka pande zote mbili hadi kupita ukingo wa mtumbwi, tukalifunga kwenye mawe. Lilionekana kama paa la nyumba ndogo. Yule dada alizunguka akikaza kamba, akibonyeza hapa na pale kuona kama kuna mahali panapolegea. Mbele na nyuma aliacha wazi.

"Hapa msizibe," alisema. "Upepo upite. Pasipopita upepo, kitu kinaoza hata kama hakijanyeshewa."

Tulikaa barazani tukala ugali wa muhogo. Mama mkwe alimuuliza juu ya kwao, juu ya watoto, na mwishowe juu ya mume. Yule dada akasema huyu wa sasa ni wa pili.

"Wa kwanza?"

"Wa kwanza alibaki nyuma siku tuliyokimbia. Alisema tangulieni, nakuja. Hakuja. Hatukumzika."

Mama mkwe akaacha kula. "Ukafanyaje?"

"Nilimwekea chakula, Mama. Kila jioni. Kambini chakula ni cha kupimiwa, lakini nilimpakulia sahani yake nikaifunika. Asubuhi nilikitupa kimechacha. Watoto wangu walikuwa wanaitazama ile sahani, hawasemi."

"Ukaachaje?"

"Jioni moja nikamkuta binti yangu amejificha nayo nyuma ya hema. Anakula huku anatetemeka, kama mwizi. Nikaona, huyu ndiye ana njaa. Yule nimpakuliaye hana njaa tena."

Mama mkwe alinawa mikono, akaenda kukaa karibu na mtumbwi. Yule dada alipoaga, mama mkwe alimsindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hakulifanya kwa wageni wengi. Sikusikia walichoongea huko.

Turubai likafanya kazi yake. Mvua ilinyesha, maji yakateremka pembeni, na ndani pakabaki pakavu. Mama mkwe hakuchota tena maji. Nilidhani sasa atapumzika. Lakini mvua za Kigoma hazinyeshi wima siku zote. Upepo ulipovuma kutoka ziwani matone yaliingia mbele na nyuma, kwenye zile nafasi zilizoachwa. Akaanza kuzikagua kila baada ya mvua. Baadaye akaleta magunia akaziba, kwanza mbele, kisha nyuma. Nilimkumbusha maneno ya yule dada.

"Sitaki hata tone moja," alisema. "Akija akute pakavu."

Sikumbishia. Ningembishiaje? Hata mimi, nikisikia mlango wa uani unafunguliwa, moyo uliruka. Nilikuwa bado nafua mashati yake na kuyarudisha kwenye msumari.

Kuna alasiri moja ambayo haijanitoka. Mvua kubwa ilinikuta nikiwa njiani kutoka Mwanga. Nilifika nimelowa, nikakuta nyumba iko wazi na hamna mtu. Nikaita. Nikaenda kwa jirani, hayupo. Nikawaza mwaloni, nikawaza magoti yake na utelezi, nikaanza kukimbia kuelekea barabarani. Ndipo nikasikia mtu anakohoa uani.

Niliinua gunia la mbele. Alikuwa ndani ya mtumbwi, chini ya turubai, amekaa kwenye ubao wa mume wangu na mikono yake iko mapajani. Mwanga uliopita kwenye plastiki ulikuwa wa buluu na uso wake ulikuwa wa buluu. Mvua ilikuwa inapiga juu yetu kwa kelele nyingi hivi kwamba ilibidi niingie ndani ndipo nimsikie.

"Mama, unafanya nini humu?"

"Naangalia kama panavuja."

Nikakaa kwenye ubao wa pili, tukitazamana. Hapakuwa panavuja. Palikuwa na joto, na harufu ya mbao zenye unyevu na samaki wa zamani.

"Ni pakavu," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Yeye alikuwa hapa hapa. Hakuwa na kitu juu yake." Akagusa turubai kwa vidole. "Tungemtengenezea hiki mapema."

Nilimwambia mtu hawezi kuvua ndani ya hema. Alinitazama kama anayenihurumia. "Najua, mwanangu. Najua."

Tulibaki pale hadi mvua ikakatika. Nilimshika mkono alipokuwa anatoka, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba nilimkuta humo.

Mvua zikaisha. Kiangazi kikaja na vumbi lake, na watu wakaanza kuongea. Shehe wa mtaa wetu, mtu mpole, alikuja mara mbili. Alinieleza hali yangu: sikuwa mke wala mjane, na dini haipendi mwanamke aning'inie. Alisema mtu aliyechukuliwa na ziwa namna ile, akatafutwa na kukosekana, wazee wakikaa na kukubaliana wanaweza kumhesabu amefariki. Ataswaliwa sala ya maiti asiyekuwepo, nami nitakaa eda. Lakini alitaka mama akubali. Mara zote mbili mama mkwe alimpa kahawa, akamsikiliza kwa adabu, akasema, "Tusubiri, shehe wangu."

Kilichobadilisha mambo hakikuwa shehe. Kaka yake mama mkwe, aliyekuwa anaishi Katubuka, alipoteza mtumbwi wake kwa kuoza, akaja kuomba autumie huu hadi atengeneze mwingine. Hakusema autwae. Alisema ausaidie mtumbwi usilale. Mama mkwe alifikiri siku mbili tatu, kisha akakubali, kwa sharti kwamba fundi autazame kwanza. Nafikiri alitaka mwanawe akirudi akute chombo kinafanya kazi, kimetunzwa.

Fundi alikuja asubuhi, mzee wa kutengeneza mitumbwi, na mjomba akaja naye. Tulitoa magunia, tukafungua kamba, tukaondoa turubai. Ilikuwa mara ya kwanza mtumbwi kuona jua tangu tulipouziba. Fundi aliingia ndani, akapiga magoti, akachukua kisu chake kidogo akachoma ubao wa chini. Kisu kikazama hadi mpini bila nguvu. Akasogea, akachoma tena. Akanyanyua kipande cha ubao kwa vidole, kikakatika kama mkate uliolowa kwenye chai.

"Huu umeoza, bibi," alisema. "Huku juu umekauka hadi umepasuka, huku chini umeoza. Jasho la ardhi limepanda likakosa pa kutokea."

"Haukunyeshewa," mama mkwe alisema. "Hata tone."

"Naona. Mmeufunika vizuri sana. Lakini mtumbwi wa kukaa nchi kavu unapinduliwa, bibi. Ukipinduliwa unapumua."

Nilitaka fundi anyamaze. Mjomba alikuwa anakuna kidevu. Mama mkwe alikuja taratibu, akaingiza mkono ndani, akachukua vile vipande vilivyooza, akavisugua kwenye viganja hadi vikawa unga mweusi. Jirani alikuwa anatwanga kisamvu upande wa pili wa ukuta.

Kisha mama mkwe akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Basi upindueni."

Mjomba alidhani hakusikia vizuri. "Dada?"

"Upindueni. Waiteni watu, muupindue."

Walikuja wanaume wanne watano wa mtaani. Yule mvuvi wa makamo alikuwemo. Walipanga mawe upya, wakashika ukingo, mmoja akahesabu, wakauinua. Mtumbwi ukasimama kwa ubavu kidogo, tukaona tumbo lake, mabaki ya magugu yaliyokaukia pale na kiraka cha bati alichokigongomea mume wangu mwenyewe. Kisha ukageuka ukalala. Ulitoa sauti nzito, kama ya mtu anayekaa chini akiwa amechoka.

Mama mkwe aliweka viganja vyake viwili juu ya zile mbao. Akaanza kulia. Sikuwa nimemwona akilia hata siku moja, tangu ile ya mvua hadi hiyo. Alilia kwa sauti, akimwita mwanawe kwa jina la utotoni ambalo mimi sikulijua, na wanawake wa nyumba za jirani wakaja mbio, wakajua bila kuuliza. Nami nikaachia. Nilikuwa nimebeba kile kilio muda mrefu na kilikuwa kimekuwa kizito. Wale wanaume waliondoka mmoja mmoja. Mvuvi wa makamo alibaki amesimama karibu na ukuta, kofia mkononi, hadi mwisho.

Mume wangu aliswaliwa Ijumaa iliyofuata. Mkeka ukatandazwa, hitima ikasomwa, watu wakala. Kila mtu alijua sasa aseme nini, nao walisema, na ilikuwa faraja kubwa kuliko nilivyotegemea.

Nikaingia eda. Nilikaa ndani, nguo moja isiyo na mapambo, bila manukato, bila kutoka. Mama mkwe, ambaye mimi ndiye niliyekuwa nimemlea miezi yote ile, akageuka akanilea mimi. Alinichemshia maji ya kuoga. Alinisuka nywele. Alikwenda mwenyewe Mwanga kwa magoti yale, akakodi guta, akaniletea cherehani yangu nyumbani ili nisikae bure nikiwaza. Yule dada wa maharage alinipelekea nguo za wateja na kurudi na vitambaa vipya. Alipouona mtumbwi umelala kifudifudi, alimtazama mama mkwe, wakashikana mikono.

Mvua za mwaka ule zilianza nikiwa bado ndani. Nilizisikiliza nikiwa kwenye cherehani. Maji yalikuwa yanateremka kwenye mtumbwi pande zote mbili, na mama mkwe alikuwa amelala chumbani kwake, hakuamka. Nilifurahi kwamba hakuamka. Na papo hapo nikaumia, kwa sababu ilimaanisha hakuna tena tunayemngojea.

Eda ilipokwisha, baba na mama walikuja kutoka Simbo kunichukua, kama desturi inavyotaka. Walileta mkungu wa ndizi na dumu la mawese. Wazee waliongea barazani kwa heshima zote. Mama mkwe aliniombea dua, akanikabidhi mikononi mwa mama yangu, na sura yake haikubadilika hata kidogo. Lakini nilipokuwa nafunga begi chumbani alikuja akakaa kitandani.

"Ungekuwa na mtoto ningekuzuia," alisema. "Sina cha kukuzuilia."

"Mama, hata mimi sitaki kwenda."

"Utakwenda. Wewe ni mtu mzima mwenye afya. Humu ndani mna mzee mmoja na kumbukumbu tu."

Sikukaa Simbo kwa muda mrefu. Kazi yangu ilikuwa mjini. Nilipanga chumba Katubuka, nikarudi kwenye kibaraza changu Mwanga, na kila Ijumaa nilikwenda Ujiji. Nilimfagilia uani, nikampikia, na siku nyingine nikalala huko. Bintiye mkubwa, aliyekuwa ameolewa Uvinza, alikuja kukaa naye, kwa hiyo hakuwa peke yake. Mjomba alichukua mbao zilizokuwa bado nzima. Zilizooza zilibaki, kuku wakawa wanatagia chini yake.

Mwaka huu mtu amenichumbia. Ni mwashi, mfiwa kama mimi, ana watoto wawili. Nilikaa na habari hiyo muda mrefu, nikienda Ujiji na kurudi bila kuisema. Mwishowe nikamwambia mama mkwe, tukiwa jikoni, nikimenya ndizi ili nisimtazame.

Alikuwa anapepeta mchele na aliendelea kupepeta.

"Anafanya kazi gani?"

"Anajenga, Mama. Nyumba za watu, huko Katubuka na Mwanga."

"Haendi ziwani?"

"Haendi. Hata kuogelea hajui."

"Kuogelea si hoja." Aliweka ungo chini. "Wale watoto wake, wanaitwa nani?"

Nikamtajia. Aliyarudia majina yale mara mbili, kimyakimya, akijizoeza. Kisha akanyoosha mkono nimpe ndizi naye amenye, akaniambia moto unazimika, niongeze mkaa.